Kifurushi cha nyumbani au cha biashara? Anza na siku intaneti itakapokatika

Nafunga mitandao ya ofisi ndogo na nyumba za watu, huu ni mwaka wa 13 sasa. Swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu ruta wala nyaya. Mtu amefungua ukurasa wa bei wa mtoa huduma, ameona vifurushi viwili vya megabiti 100, kimoja kimeandikwa "nyumbani", kingine "biashara", na cha biashara kinauzwa mara mbili au tatu ya mwenzake. Ananipigia simu: "Fundi, hawa si wanatuibia tu? Kasi si ileile?"

Kasi ni ileile, ndiyo. Mara nyingi hata waya ni uleule: faiba moja inayopita mtaani, kisanduku kilekile ukutani, wakati mwingine hata ruta ni pacha. Ila ile bei ya juu hailipii kasi. Inalipia siku ya kukatika: nani atapokea simu yako, fundi atafika lini, na kampuni itakupa nini ikichelewa. Ukishalishika hilo, kinachobaki ni hesabu kidogo na mambo mawili matatu ya kiufundi ambayo wauzaji huyapita mbio.

Nimekosea pande zote mbili, kwa hiyo nianze na makosa yangu.

Saa 72 "za kazi"

Ofisi ya uhasibu, watu wanne. Niliwashauri wachukue kifurushi cha nyumbani cha megabiti 200 kwa sababu kazi yao ni majedwali na barua pepe, vitu vyepesi. Miezi tisa ikapita bila malalamiko. Jumatatu moja saa mbili asubuhi taa moja kwenye kisanduku cha faiba ikawa nyekundu, na wao walikuwa na siku nne za kuwasilisha hesabu za wateja wao. Wakapiga simu. Wakaambiwa ombi limepokelewa na fundi atafika ndani ya saa 72 za kazi.

Mhasibu mkuu alisikia "siku tatu". Hata mimi nilisikia hivyo. Baadaye tukakaa na mkataba: siku ya kazi ya kampuni ile ilikuwa na saa nane. Saa 72 za kazi ni siku tisa za kazi, karibu wiki mbili ukihesabu na mapumziko ya mwisho wa juma. Fundi alikuja Alhamisi mchana, akafungua kisanduku cha nje, akakuta kiungio kimelegea, akamaliza kwa dakika 20. Kwa mujibu wa mkataba hawakuchelewa hata dakika moja.

Kosa la pili ni langu mwenyewe. Nilipoanza kufanyia kazi nyumbani nilijiona mtu mkubwa, nikachukua kifurushi cha biashara kwa mkataba wa miezi 36. Kasi ikawa ileile ya jirani yangu wa ukuta mmoja, aliyekuwa kwenye kifurushi cha nyumbani cha mtandao huohuo. Kwa miezi 14 nilipiga simu ya huduma mara mbili, na mara moja kati ya hizo tatizo lilikuwa ni mimi kung'oa plagi. Kisha nikahama nyumba, huduma yao haikufika nilikohamia, na kipengele cha kuvunja mkataba kikanidai miezi yote 22 iliyobaki. Nililipa. Fundi wa mitandao, mtu anayewasomea wengine mikataba, sikuwa nimesoma wangu.

Hesabu ya saa moja

Kabla ya kulinganisha vifurushi, chukua karatasi uandike kitu kimoja: saa moja ya kazi bila intaneti inakugharimu nini. Usiandike kwa hasira, andika kwa ukweli. Kati ya watu wako, wangapi watakaa mikono mitupu kabisa, na wangapi wanaweza kufanya jambo lingine mpaka irudi? Mauzo yanasimama au yanaahirishwa tu? Mteja aliyekuja kulipa akaambiwa "mtandao uko chini" atarudi kesho au ataenda kwingine? Mtu anayeandika ripoti nyumbani hapotezi chochote kwa saa moja, anaendelea kuandika. Kituo cha kupokea simu za wateja kinapoteza saa nzima ya kila aliyeketi pale.

Sasa chukua tofauti ya bei kati ya vifurushi viwili kwa mwezi, zidisha kwa 12, kisha gawanya kwa gharama ya hiyo saa moja. Jibu ni idadi ya saa ambazo kifurushi cha biashara lazima kikuokolee kwa mwaka ili kijilipe. Kwa wale wahasibu ilitoka saa 26. Ile Jumatatu mpaka Alhamisi mchana ni saa 28 za kazi, kwa hiyo ukiangalia haraka utasema kifurushi cha biashara kilistahili. Subiri, hadithi yao haijaisha, nitairudia.

Upande wa pili wa hesabu ni kile kampuni inachoahidi. Vifurushi vya biashara huja na mkataba wa kiwango cha huduma, watu wa kazi hii huuita SLA, na ndani yake kuna asilimia. Asilimia hizi zinafanana machoni lakini zimeachana mbali. Asilimia 99 kwa mwaka inaruhusu kukatika kwa siku tatu na zaidi ya nusu. Asilimia 99.5 inaruhusu karibu saa 44. Asilimia 99.9 ni saa 8 na dakika 45, na 99.99 ni dakika 52 na ushei. Uliza pia inapimwa kwa mwezi au kwa mwaka. Asilimia 99.9 inayopimwa kwa mwezi wa siku 30 ni dakika 43 tu, na mwezi ukigeuka hesabu inaanza upya. Ikipimwa kwa mwaka, kampuni inaweza kukukatia saa nane mfululizo katika siku moja na bado ikawa ndani ya ahadi.

Kisha soma kinachotolewa kwenye hesabu. Matengenezo yaliyotangazwa hayahesabiwi. Umeme wako kukatika hauhesabiwi. Mtu akikata faiba kwa sururu barabarani, mikataba mingi husema hilo liko nje ya uwezo wao. Na saa mara nyingi huanza kuhesabiwa ulipofungua tiketi (ombi lako la matengenezo), siyo ulipokatikiwa, kwa hiyo ikikatika usiku wa manane na wewe ukapiga asubuhi, usiku ule ni wako.

Kuna maneno mawili ya kuyatazama kama mwewe: "kujibu" na "kurekebisha". Muuzaji atakwambia "saa nne". Saa nne za nini? Kujibu ndani ya saa nne kunaweza kuwa ni mtu kukupigia saa ya tatu na dakika hamsini akuulize kama umezima ruta ukaiwasha tena. Kinacholipiwa ni muda wa kurekebisha, na kama mkataba una muda wa kujibu peke yake, mbele yangu huo ni mkataba wa nyumbani uliovaa tai.

Fidia nayo usiitegemee kukuokoa. Kwa kawaida ni sehemu ya ada ya mwezi, inakatwa kwenye ankara inayofuata, na lazima uiombe mwenyewe kwa maandishi ndani ya siku walizoweka. Hailipi mauzo uliyopoteza. Faida yake ni kwamba inawapa sababu ya kukuweka mbele kwenye foleni ya mafundi.

Tazama njia ya kupanda, siyo ya kushuka

Namba kubwa kwenye tangazo ni kasi ya kupakua, yaani kushusha vitu kutoka mtandaoni. Kasi ya kupakia, yaani kupandisha, imefichwa kwa herufi ndogo, na hapo ndipo vifurushi vya nyumbani vingi hukwama. Sababu yake ni ya zamani: nyumbani watu hutazama zaidi kuliko wanavyotuma, kwa hiyo mitandao ilijengwa ikiwa na barabara pana ya kushuka na kichochoro cha kupandia. Hata teknolojia ya faiba iliyoenea sana majumbani, GPON, ina takriban gigabiti 2.5 kwenda kwa wateja na gigabiti 1.25 tu kurudi, na hizo mnagawana wote mlio kwenye kigawanyio kimoja, yaani kifaa kinachotawanya faiba moja kwa wateja wengi, mara nyingi nyumba 32 au 64. Nyumba 32 zikivuta zote kwa pamoja, kila moja inabaki na megabiti 78 hivi za kushuka na 39 za kupanda. Hazivuti zote kwa pamoja, ndiyo maana biashara hii inawezekana.

Kuna teknolojia mpya zaidi, XGS-PON, yenye gigabiti 10 pande zote mbili, na mtaa wenye hiyo mara nyingi utakuta vifurushi vya nyumbani vyenye kasi sawa juu na chini. Uliza. Ikiwa ipo, sababu moja kubwa ya kununua kifurushi cha biashara imejifia yenyewe.

Je, unahitaji kiasi gani cha kupanda? Kumbuka kwanza kwamba kasi hupimwa kwa megabiti na faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo laini ya megabiti 100 inabeba megabaiti 12.5 kwa sekunde, siyo 100. Nina mteja anayehariri video nyumbani, kila wiki anatuma faili za gigabaiti 40. Kwa laini yake ya megabiti 20 za kupanda, safari hiyo ilichukua karibu saa nne na nusu, na wakati wote huo mkewe hakuweza kufanya kikao cha video. Kwa megabiti 100 za kupanda ni dakika 53. Kikao kimoja cha video chenye picha safi kinataka megabiti 3 au 4 kila upande, basi watu watano kwenye vikao vitano tofauti ni kama 20. Kamera ya ulinzi ya picha kamili inayotuma picha kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, muda wote inaweza kula megabiti 4, na ukiwa nazo nane ni megabiti 32 usiku na mchana, zote za kupanda. Simu ya sauti ya intaneti, hata yenye sauti nzuri, haifiki megabiti 0.1. Watu huogopa simu, kumbe mlaji ni kamera.

Fanya jaribio hili kabla ya kununua chochote. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya. Fungua dirisha la amri, anza kupima muda wa kwenda na kurudi kwa amri ya ping, uiache inaendelea. Kisha anza kupakia faili kubwa kwenye hifadhi ya wingu na utazame namba. Nyumbani kwa yule mhariri zilianza na milisekunde 18, 17, 19, na faili ilipoanza kupanda zikaruka 240, 510, 680. Maana yake faili inajaza foleni ndani ya ruta na kila kitu kingine, pamoja na sauti ya mkewe kikaoni, kinasimama nyuma yake. Simu huanza kuwa na kero mlio ukichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja.

Alikuwa tayari kusaini kifurushi cha biashara. Nikaingia kwenye ruta yake, nikawasha usimamizi wa foleni, nikaweka kikomo cha kupanda kwenye megabiti 18, yaani asilimia 90 ya alichonacho. Tukarudia jaribio: namba hazikuvuka 35. Faili inachukua muda kidogo zaidi, lakini kikao hakikatiki. Gharama yake ilikuwa sifuri. Ruta za bei ya chini nyingi hazina mpangilio huo, na hata hapo ruta nzuri moja ni nafuu kuliko miezi 36 ya ankara kubwa.

Mnagawana na nani, na saa ngapi

Vifurushi vya biashara hujivunia kwamba laini inagawanywa na wateja wachache. Ni kweli, lakini jiulize unafanya kazi saa ngapi. Msongamano kwenye laini za makazi hupanda jioni, kuanzia saa moja mpaka saa tano usiku, watu wakiwa kwenye video. Ofisi inayofungwa saa kumi na moja jioni haikutani na msongamano huo kabisa. Umekuta barabara tupu halafu unauziwa njia ya dharura.

Usichanganye hii na laini ya peke yako, ile ambayo hugawani na mtu hata kidogo. Hiyo ni bidhaa nyingine na bei nyingine, na ukiwa unasoma mwongozo huu huenda huihitaji.

Anwani ya IP: dakika tano za kuchungulia

Hapa ndipo watu wazima wenye pesa zao hutoa machozi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anwani ya IP ni namba inayoitambulisha laini yako kwenye intaneti. Zile za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3, na Februari 2011 hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho. Watoa huduma wakaanza kuwapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja, mfumo uitwao CGNAT, na Aprili 2012 fungu la kuanzia 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255 likatengwa rasmi kwa kazi hiyo. Ukiwa nyuma ya mfumo huo unaweza kutoka nje upendavyo, lakini hakuna anayeweza kugonga mlango wako kutoka nje, maana anwani inayoonekana si yako peke yako.

Kujua uko wapi ni rahisi. Ingia kwenye ukurasa wa ruta yako, tafuta sehemu ya hali ya intaneti au WAN (upande wa nje wa ruta), uandike anwani unayoiona. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako na ulinganishe. Zikifanana, una anwani halisi ya nje. Zikitofautiana, na ya kwenye ruta inaanza na 100.64 hadi 100.127, au na 10, uko nyuma ya pazia.

Inakuhusu? Kama unavinjari, unatuma barua pepe, unafanya vikao na unatumia programu za wingu, haikuhusu hata chembe. Inakuhusu kama unaendesha seva (kompyuta inayohudumia nyingine) ofisini, kama wafanyakazi wanaingia kwa VPN (njia ya siri inayopita ndani ya intaneti) kwenye kompyuta iliyoko ofisini, kama kamera zako za zamani zinataka kufunguliwa mlango kutoka nje, au kama mfumo wa mteja wako unaruhusu anwani zilizosajiliwa tu. Hii ya mwisho ndiyo inayowashtukiza watu: mfasiri mmoja alipoteza siku mbili kwa sababu anwani yake ilibadilika usiku na mfumo wa mteja ukamfungia nje.

Hapo unahitaji anwani isiyobadilika, na vifurushi vya biashara huwa nayo ndani au kwa nyongeza. Lakini uliza kwanza kama kifurushi cha nyumbani kinaweza kuongezewa anwani hiyo. Baadhi ya kampuni hukubali kwa ada ndogo, na muuzaji wa upande wa biashara hana haja ya kukuambia. Na kama unachotaka ni seva ya barua pepe nyumbani, acha. Laini za makazi nyingi hufunga mlango namba 25, ule ambao seva za barua pepe hutumia kutumiana barua, na hata ukifunguliwa barua zako zitaishia kwenye takataka za watu.

Vipengele vya mkataba

Kifurushi cha nyumbani: tafuta sentensi inayokataza matumizi ya kibiashara. Mara nyingi ipo. Mtu mmoja anayefanyia kazi mezani kwake haguswi, lakini ukigawa intaneti hiyo kwa wateja wako au kuiuza tena, kampuni ina haki ya kukukatia, na siku utakapolalamika kuhusu huduma wataifungua sentensi hiyo wakuonyeshe. Tafuta pia kipengele cha matumizi ya haki, maana "isiyo na kikomo" mara nyingi ina kikomo ambacho ukikivuka kasi inashushwa.

Kifurushi cha biashara: muda, namna unavyojirudia wenyewe usipotoa taarifa, nini kinatokea ukihama, na kama bei iliyoandikwa ina kodi ndani yake, kwa sababu bei za biashara mara nyingi hutangazwa bila kodi. Na jambo ambalo halisemwi: ukisaini kama biashara unaweza kuacha mlangoni ulinzi wa mtumiaji wa kawaida. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, aliyenunua huduma kwa simu au mtandaoni kama mtu binafsi ana siku 14 za kubadili mawazo. Kampuni haina haki hiyo.

Njia ya tatu, ambayo mimi huichukua

Sasa turudi kwa wahasibu. Ile Jumatatu saa tano asubuhi niliwapelekea ruta ndogo inayotumia laini ya simu ya mkononi. Walikuwa wamepoteza saa tatu. Kuanzia hapo mpaka Alhamisi walifanya kazi yao yote kwa hiyo ruta, wakawasilisha hesabu, hakuna aliyelala ofisini. Tulipokaa kupiga mahesabu tukaona kwamba hasara yao halisi haikuwa saa 28, ilikuwa saa tatu, na hizo tatu zilitokana na mimi kuwa mbali.

Wakabaki na kifurushi cha nyumbani. Tukanunua ruta yenye milango miwili ya intaneti: faiba kwenye wa kwanza, laini ya simu kwenye wa pili, na faiba ikizimika inahamia yenyewe. Ada ya vitu vyote viwili kwa mwezi ni chini ya kifurushi kimoja cha biashara.

Ukifuata njia hii, zingatia mambo machache. Njia mbili ziwe za aina mbili. Faiba mbili za kampuni mbili tofauti huweza kupita kwenye mtaro mmoja, na sururu moja ikazikata zote. Faiba na simu ni mchanganyiko mzuri, ingawa mnara ulio jirani nao unaweza kulishwa na faiba ileile. Satelaiti nayo ni akiba nzuri, ila ujue ni ipi: zile zilizo kilomita 35,786 juu zina kuchelewa kwa zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, simu ya sauti humo ni kama watu wanaopokezana zamu. Zinazoruka chini zaidi hazina shida hiyo. Weka pia betri ya akiba kwa ruta na kisanduku cha faiba, maana vyote viwili havili umeme mwingi na betri ndogo huvibeba kwa saa kadhaa. Nimeona ofisi yenye laini mbili na plagi moja.

Halafu jaribu. Saa ya kazi, mbele ya watu, chomoa faiba kwa mkono wako. Kwa wahasibu simu zilikatika, kurasa zikaganda sekunde 25, kisha zikarudi. Anwani ya IP inabadilika wakati wa kuhama, kwa hiyo kama una mfumo wa anwani zilizosajiliwa, sajili zote mbili au ujue utafungiwa nje. Rudia jaribio kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu laini ya simu isiyotumika huisha salio kimyakimya.

Kuna wanaostahili kifurushi cha biashara bila mjadala, na sitaki nionekane nakipinga. Mwenye seva inayofikiwa na watu wa nje. Mwenye watu 20 wanaokaa bure laini ikifa. Mwenye kazi ya usiku, kwa sababu huduma ya nyumbani usiku ni mashine inayokuomba usubiri. Mwenye mteja mkubwa anayedai ahadi ya maandishi. Hao wasihangaike na hesabu yangu ya karatasi, waende moja kwa moja kwenye mkataba.

Simu mbili kabla ya kusaini

Ya kwanza ni kwa muuzaji. Hii ni jinsi nilivyozungumza na mmoja hivi karibuni kwa niaba ya mteja:

"Kaka, hiyo saa nne ni ya kujibu au ya kurekebisha?"

"Ni ya huduma, mzee."

"Huduma gani? Nikifungua tiketi saa nne asubuhi, saa nane mchana ninakuwa na intaneti?"

Kimya kidogo. "Kurekebisha ni siku inayofuata ya kazi."

"Na Jumamosi ni siku ya kazi?"

"Hapana."

"Sawa. Nitumie hayo yote kwa barua pepe, na kasi ya kupanda uiandike."

Alituma. Hakuwa mtu mbaya, hakuna aliyewahi kumuuliza. Sauti ya muuzaji haina nguvu mbele ya mkataba, barua pepe yake walau inaonekana.

Simu ya pili ni kwa kitengo cha huduma, na ipige kabla hujawa mteja wao. Tafuta namba ya wateja wa biashara, weka kengele, amka saa nane usiku upige. Sema unafikiria kujiunga na unataka kujua mtu akikatikiwa saa hizi anafanyaje. Usiku ule kampuni ya yule muuzaji ilinipigia muziki dakika 34, nikakata. Nikajaribu nyingine iliyokuwa kwenye orodha yetu, bei yake kubwa kidogo. Milio miwili, akapokea dada mwenye sauti ya mtu aliye macho, akaniuliza: "Kisanduku chako cha faiba, taa gani inawaka nyekundu?" Nikamwambia bado sina kisanduku. Akacheka. Mteja wangu alisaini asubuhi.